Chupa ya Nguvu na Damu ya Mkimbiaji

Atokaye alfajiri kuelekea Raskazone siku hizi hakosi kukutana na wakimbiaji. Wapo vijana wa shule, wapo watumishi wa serikali walioambiwa na waganga kwamba matumbo yamewazidi, wapo akina mama waliojifunga khanga juu ya suruali za mazoezi, na wapo wachache ambao kwa mwendo wao tu unajua hawakuja kupunga upepo wa bahari. Jambo hili ni la kheri. Wazee wetu walioketi kuisikiliza redio katika vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, wangeliona wangelifurahi. Lakini katika msafara wa mamba na kenge wamo. Nyuma ya wakimbiaji wamefuatia wauza chupa na makopo: chupa ya kuongeza damu, unga wa kujenga misuli, maji ya rangi yanayosemekana kuzuia mkakamao, na kila kimoja kimeandikwa kwamba kimethibitishwa kitaalamu, pasipo kutajwa ni mtaalamu gani, wala amethibitisha nini, wala kwa nani.

Naandika habari hii nikiwa na deni. Msimu uliopita kamati moja ya michezo, ambayo mimi ni mjumbe wake, ilikusanya michango ya wananchi ili kuwapeleka vijana wetu Pemba kwa mashindano ya kirafiki ya mbio ndefu. Katika kikao cha mwisho likaletwa pendekezo kwamba sehemu kubwa ya fedha ikanunue chupa za kuongeza damu na unga wa nguvu, maana, tuliambiwa, wenzetu ndivyo wafanyavyo. Hapana aliyeuliza swali. Mkono wangu ulikuwa miongoni mwa mikono iliyoinuliwa kukubali. Majuma kadhaa baadaye, kwenye vilima vya Pemba, msichana tuliyemtegemea kuliko wote alisimama njiani akihema, ameshika magoti. Mkubwa mmoja wa msafara akasema ni uvivu. Muuguzi mmoja, aliyekuwa amesimama tu kando ya barabara kutazama mashindano, akamfunua kope la chini la jicho, akaliona jeupe kama karatasi, akatuambia tumpeleke akapimwe. Alipopimwa, damu ilikuwa chini mno, na choo chake kilikuwa na mayai ya minyoo ya safura. Naye alikuwa akinywa chupa yetu kila siku kwa uaminifu. Niliirudia lebo ya chupa ile nikaisoma upya, nikaona kwamba hata kiasi cha madini ya chuma kilichomo hakikutajwa.

Tangu siku ile nimejibidiisha kusoma, na kuwauliza wajuao, ni yapi hasa ambayo elimu ya sayansi inayakubali katika habari ya chakula cha mtu anayeutumikisha mwili wake kwa saa nyingi. Nasema mtu anayeutumikisha mwili kwa makusudi, kwa sababu habari hii haimhusu mkimbiaji peke yake. Inamhusu mkata mkonge wa Korogwe, mchuma karafuu wa Wete, kuli wa bandarini na mvuvi apigaye kasia upepo ukikatika. Mwili ni ule ule.

Tuanze na chakula kinachochomwa mtu akimbiapo, maana hapo ndipo unga wa makopo unapouzwa kwa bei kubwa kuliko zote. Mwaka 1924, katika mji wa Boston huko Marekani, waganga waliwapima damu wakimbiaji waliomaliza mbio za marathoni, wakakuta kwamba waliofika hoi, wamepauka na kuchanganyikiwa, walikuwa na sukari kidogo mno katika damu. Mwaka uliofuata wakimbiaji kadhaa walitakiwa wale vyakula vya wanga kwa wingi kabla ya siku ya mashindano na kutafuna peremende njiani. Wakafika wakiwa na hali njema zaidi. Miaka ya 1960 wataalamu wa Sweden wakatumia sindano nene kuchukua vipande vidogo vya nyama ya paja la mtu aliyekuwa akiendesha baiskeli ya majaribio, wakaona kwa macho yao kwamba misuli ina akiba yake ya wanga, iitwayo glaikojeni, na kwamba akiba hiyo ikiisha mtu husimama. Aliyekula wanga kwa wingi siku chache kabla ya jaribio aliweza kuendelea karibu mara tatu ya muda wa yule aliyelishwa nyama na mafuta.

Sasa, wanga huo ni kitu gani? Mwaka 2004 ilitolewa taarifa ya utafiti uliofanywa nchini Kenya juu ya wakimbiaji kumi wa daraja la juu, na miongoni mwa watafiti alikuwamo Mike Boit, yule yule aliyepata medali ya shaba katika mita 800 huko Munich mwaka 1972. Vyakula vyao vilipimwa kwa mizani siku baada ya siku. Ilionekana kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu waliyoila ilitoka kwenye wanga, na chakula chao kikuu kilikuwa ugali, pamoja na mboga, maziwa, na chai yenye sukari nyingi. Sukari peke yake ilitoa kiasi cha sehemu moja kwa tano. Protini ilikuwa sehemu moja tu kwa kumi, nayo iliwatosha. Unga wa kopo haukuwa msingi wa chakula chao.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba ugali humfanya mtu kuwa bingwa; kama ingelikuwa hivyo, sote tungelikuwa mabingwa. Wala sisemi kwamba Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, au Suleiman Nyambui akapata medali ya fedha ya mita 5000 huko Moscow mwaka 1980, au Juma Ikangaa akashinda New York mwaka 1989, kwa sababu ya sahani tu. Nasema kwamba muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu, ndizi, wali na uji vinaweza kuijaza akiba ile ya misuli bila kopo. Na kwa mbio zinazozidi saa moja na nusu, ambapo wataalamu hushauri mtu apate gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa, tende tano au sita za kawaida zinatoa gramu 30 hivi, na mfukoni hazichukui nafasi. Tende hizo hizo tunafuturia Ramadhani kwa kufuata Sunna, kisha tukienda mbioni tunazisahau.

Na sasa madafu. Hapa nitawaudhi baadhi ya ndugu zangu, maana mpwani akisikia dafu linasemwa huhisi ametukanwa mama yake. Siku hizi maji ya dafu yanatiwa katika masanduku ya karatasi na kuuzwa Ulaya na Marekani kama kinywaji bora kuliko vyote kwa wakimbiaji, na sifa hizo zimeturudia sisi wenyewe kama kwamba ni habari mpya. Sifa hizo ni za kweli kwa nusu. Mwaka 2002 watafiti wa Malaysia waliwatoa jasho vijana wanane, kisha wakawanywesha kwa nyakati mbalimbali maji matupu, kinywaji cha michezo cha dukani, na maji ya dafu bichi. Dafu halikushindwa na kinywaji cha dukani, na lilikaa tumboni bila kichefuchefu. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza.

Nusu ya pili ni chumvi. Jasho la binadamu, kama kila aliyeonja mdomo wake akifanya kazi juani ajuavyo, ni la chumvi: lita moja hubeba kiasi cha nusu gramu hadi gramu moja na zaidi ya sodiamu, lakini potasiamu kidogo sana. Dafu ni kinyume chake. Potasiamu imejaa, yapata gramu mbili kwa lita, na sodiamu ni haba. Kwa hiyo linarudisha kwa wingi kile ambacho jasho halikukichukua sana, na kwa uchache kile lilichokichukua. Ndiyo maana watafiti hao hao wa Malaysia, mwaka 2007, walipolitia chumvi dafu walipata matokeo mazuri kuliko dafu tupu. Zaidi ya hayo, dafu si kitu kimoja: maji ya kitale siyo ya dafu, na ya dafu siyo ya koroma, sukari na madini yake hubadilika kadiri tunda linavyokomaa, hivyo mwenye kuandika kipimo kimoja kwenye sanduku amejipa kazi ngumu. Anywaye dafu baada ya mazoezi akala na samaki wa chumvi au mchuzi wake wa kawaida amefanya vyema. (Wenye maradhi ya figo waulize kwanza kwa daktari, maana potasiamu hiyo kwao inaweza kuwa hatari ya moyo.)

Kuhusu maji yenyewe, ipo hatari ambayo watu wa joto kama sisi hatuitazamii, nayo ni kunywa kupita kiasi. Kwa miaka mingi wakimbiaji waliambiwa wanywe kadiri wawezavyo, wasingoje kiu. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002 walipimwa damu wakimbiaji 488. Asilimia 13 kati yao walikuwa na sodiamu pungufu kupita kiasi, na alama iliyowatambulisha zaidi ni kwamba wengi walimaliza mbio wakiwa wazito kuliko walipoanza. Walikuwa wamejimwagia maji mpaka chumvi ya damu ikazimuka. Hali hiyo hufanya ubongo kuvimba, na inaua. Kwa hiyo anywaye kwa kiu yake yuko salama kuliko anywaye kwa ratiba, na mizani ya kawaida iliyowekwa mahali pa kuanzia na pa kumalizia ina manufaa kuliko maji ya rangi.

Lakini yote hayo ni mepesi. Aliyedanganywa katika unga au maji amepoteza fedha zake, na pengine mbio. Jambo zito ni damu.

Hewa tunayovuta huchukuliwa kutoka mapafuni mpaka misulini na hemoglobini, na hemoglobini haiundwi bila madini ya chuma. Ikipungua, moyo utapiga kwa bidii zote lakini shehena inayobebwa ni ndogo. Ndivyo alivyokuwa binti yetu pale kilimani. Wala si wanamichezo tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1979 kuhusu wagema mpira wa Indonesia ulionyesha kwamba wenye damu pungufu walifanya kazi kidogo, na walipopewa chuma mapato yao yakapanda. Kwetu hapa Tanzania, mwaka 1972, zilichapishwa habari za wakata miwa wa Arusha Chini: wenye kichocho walikata miwa michache kuliko wenzao. Meneja wa shamba angeweza kuita uvivu, kama alivyoita mkubwa wetu wa msafara, ilhali ni vijidudu.

Kwa hiyo muuza chupa anaposema kwamba damu ni nguvu hasemi uongo. Uongo uko katika kutouliza damu imekwenda wapi. Visiwani jibu limepatikana zamani. Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya upimaji wa watoto wa shule wa Zanzibar zaidi ya 3500. Zaidi ya nusu walikuwa na upungufu wa damu, na kati ya wale wenye upungufu mkali, karibu robo tatu ya tatizo lilitokana na safura. Mnyoo huyu hujing'ang'aniza katika utumbo na kunyonya, usiku na mchana. Kumtilia chuma mwenye safura bila kumtoa minyoo ni kujaza mtungi uliotoboka. Na mnyoo huingilia wapi? Kwenye ngozi ya nyayo, kutoka katika udongo uliochafuliwa na choo. Vijana wetu wengi hufanya mazoezi peku, na tulipopanga bajeti ile hatukununua hata jozi moja ya viatu.

Ndipo wengine husema: basi, na tugawe vidonge vya chuma kwa wote, wenye upungufu na wasio nao, kwani vitadhuru nini? Swali hili nalo lilijibiwa Pemba, na jibu lake likaitikisa dunia nzima. Kuanzia mwaka 2002, watafiti wa Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi, Chake Chake, wakishirikiana na wenzao wa chuo kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, waliwafuatilia watoto wadogo zaidi ya 24,000, wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka mitatu. Wengine walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku, wengine hawakupewa. Kila mtu alitazamia kwamba waliopewa wangenawiri. Mwaka 2003 sehemu ya chuma ilibidi isimamishwe kabla ya wakati, kwa kuwa waliopewa walikufa au kulazwa hospitali kwa maradhi makali zaidi ya wenzao, kwa kiasi cha asilimia 12. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake kwa nchi zenye malaria nyingi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba chuma kinachozagaa mwilini kwa ghafla hakimlishi mtoto peke yake. Huwalisha pia vijidudu vya malaria na bakteria wengine.

Katika utafiti huo huo kulikuwa na kundi dogo la watoto waliopimwa damu na kutibiwa malaria mara walipougua. Miongoni mwao, wale waliokuwa na upungufu wa chuma kwa kweli walinufaika kwa kupewa chuma. Dawa ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa kupima na kutibu. Kwa sababu hiyo ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unaruhusu chuma katika maeneo ya malaria, ila kiende sambamba na kinga na tiba ya malaria. Ni kweli kwamba tangu miaka ile malaria imepungua mno Unguja na Pemba, na mkimbiaji wa miaka kumi na saba si mtoto mchanga. Lakini huku bara, Muheza na Korogwe, malaria haijatuaga, na mwili wa mtu mzima hauna njia ya kukitoa chuma kilichozidi. Hukirundika katika ini na moyo. Kamati isiyo na kipimo haina haki ya kugawa vidonge.

Aliyepimwa akaonekana anahitaji chuma, zahanati itampa kwa kipimo, na utafiti wa Uswisi wa mwaka 2017 kwa wanawake wenye akiba ndogo ya chuma umeonyesha kwamba kidonge kinachomezwa siku moja baada ya moja hufyonzwa vizuri kuliko cha kila siku. Wasichana watazamwe kwanza, kwa ajili ya hedhi. Kwa chakula, chuma cha nyama, maini na samaki hufyonzwa kwa urahisi. Cha mchicha, kunde na tembele ni kigumu zaidi, lakini hulainishwa na machungwa, na machungwa Muheza yanaoza chini ya miti. Kinachokizuia ni chai. Mkoa mzima huu tunakunywa chai ya rangi pamoja na chakula, asubuhi na jioni; tungeisogeza mbele kwa saa moja tu, tungepata faida bila senti. Nimejaribu nyumbani kwangu. Nakiri kwamba ni vigumu kuliko kukimbia.

Neno moja juu ya vidonge na unga wa misuli, kisha niishie. Maabara moja ya mji wa Cologne, Ujerumani, ilipima bidhaa 634 za lishe za wanamichezo zilizonunuliwa katika nchi 13 kati ya mwaka 2000 na 2001; 94 kati yake zilikuwa na homoni zilizokatazwa ambazo lebo haikuzitaja. Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda ule ule wa Mjerumani aliyekuja wa pili, wakitenganishwa na sehemu za mia za sekunde. Kijana wa Tanga au wa Micheweni atakayefika pale anaweza kunyang'anywa kila kitu kwa ajili ya kopo ambalo kamati kama yetu ilimnunulia kwa nia njema.

Binti yule alipewa dawa ya minyoo, kisha chuma chini ya uangalizi wa zahanati. Baada ya miezi mitatu kope lake lilikuwa jekundu. Nimewasilisha kwa maandishi kwamba katika bajeti ya msimu huu kifungu cha chupa na unga kifutwe, na fedha zile zinunue viatu, mizani moja, na nauli ya kuwapeleka vijana wote zahanati wakapimwe damu na choo kabla ya mazoezi kuanza. Nakala nimepeleka kwa afisa michezo na kwa mganga mkuu wa wilaya. Wajumbe wawili wamekwisha niambia kwamba bila chupa vijana watavunjika moyo. Kikao ni Jumamosi, saa nne asubuhi.